Rangi Moja kwa Kila Mzigo: Shanga, Nguo na Wino katika Historia ya Ujiji

Ujiji ni mji wa mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kilomita chache kutoka bandari ya Kigoma. Katika karne ya 19 ulikuwa mwisho wa safari ya nchi kavu kwa misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora, na mwanzo wa safari ya mitumbwi kwenda Uvira, Uguha na Manyema. Sokoni pake mawese ya Wajiji yalikutana na chumvi ya Uvinza, samaki wa ziwani, pembe za ndovu kutoka magharibi, na watumwa waliovushwa ziwa kwa uchungu mkubwa. Bidhaa zote hizo zilipimwa thamani yake kwa vitu viwili vilivyobebwa mabegani mwa wapagazi kutoka pwani: shanga na nguo. Na vitu hivyo viwili vilikubaliwa au kukataliwa kwanza kwa rangi yake.

Mchapaji wa leo anayehangaika kwa sababu kadi 500 alizochapa asubuhi hazilingani na 500 alizochapa jioni anashughulika na tatizo ambalo mji huu umelijua kwa zaidi ya miaka 150. Malighafi, mashine na majina yamebadilika. Swali limebaki lile lile: vipi rangi ya mzigo wa pili itafanana na ya mzigo wa kwanza, mteja aipokee bila shaka?

Shanga na nchi zake

Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton aliandika kwamba biashara ya shanga ilikuwa na aina zipatazo 400, kila moja na jina lake, bei yake na mahali ilipopendwa. Nyekundu ya marijani iliitwa samesame. Iliitwa pia kimara-pamba, yaani ile inayomaliza chakula cha mtu, na kivunja-mji, kwa kuwa watu waliipenda hadi wakatoa akiba ya nyumba ili waipate. Zilikuwapo nyeupe, nyeusi, za buluu, za rangi ya tofali, na zile kubwa zilizoitwa sungomaji, zilizofananishwa na mayai ya njiwa.

Vipimo navyo vilikuwa na majina yake. Shanga zilitungwa kwenye uzi, uzi wenye urefu uliokubaliwa ukaitwa kete, na kete 10 zikafanya fundo moja. Mzigo mmoja wa pagazi, wenye uzito wa kilo 30 hivi, ulikuwa na mafundo mengi sana. Kosa la kuchagua rangi lilikuwa hasara iliyobebwa kwa miguu kwa miezi kadhaa kabla haijagunduliwa.

Henry Morton Stanley alijifunza jambo hilo Unguja mwaka 1871, alipokuwa akiandaa msafara wa kumtafuta msafiri David Livingstone. Alielezwa kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo lakini hazikuwa na thamani kwa watu wengine. Nyeupe zilikubaliwa Ufipa na katika sehemu za Usagara na Ugogo, ila Uzigua na Ukonongo zilidharauliwa. Sungomaji zilipokelewa vizuri Ujiji na Uguha, ng'ambo ya ziwa, na kukataliwa kwingine kote. Ilimbidi akadirie siku ambazo msafara ungekaa katika kila nchi, ndipo ajue anunue kiasi gani cha kila rangi. Mwishowe alinunua magunia 22 ya aina 11. Alikuwa amesikia kwamba Burton na Speke waliotangulia walilazimika kutupa mamia ya mafundo yasiyotakiwa na mtu.

Wasafiri wengi wa Ulaya waliuona uchaguzi huo kuwa ni upendeleo usio na sababu, lakini sababu ilikuwapo. Shanga zilikuwa pambo, na pambo hueleza umri, hadhi, ndoa na asili ya anayelivaa. Zilikuwa pia fedha, na fedha haina budi kutambulika mara moja bila mabishano. Mama aliyeuza mawese kwa shanga za aina fulani alitaka kesho yake azipeleke kwa muuza samaki, na huyo azipokee. Kama rangi ilikuwa ya mashaka, mnyororo wote wa soko ulikatika hapo. Kumbe ukali wa wanunuzi ulikuwa ndio ulinzi wa sarafu yao.

Sofi, sarafu ya soko la Ujiji

Kati ya shanga zote, iliyotambulisha soko la Ujiji ni sofi. Ilikuwa ndefu na nyembamba, mfano wa kipande cha mrija wa kiko kilichovunjika. Msafiri Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliacha maelezo ya jinsi ilivyotumika.

Soko lilipoanza, watu wenye mifuko iliyojaa sofi walikaa na kuzitoa kwa kubadilishana na shanga za aina nyingine. Aliyetaka kununua chakula alianza kwao. Akabadili alichonacho, akapata sofi, kisha akaingia sokoni. Jioni soko lilipofungwa, wauzaji waliokuwa wamekusanya sofi siku nzima walirudi kwa watu wale wale, wakazirudisha na kuchukua shanga walizozitaka. Wabadilishaji walipata faida mara mbili, asubuhi na jioni.

Utaratibu huo ulitatua tatizo la rangi kwa njia ya akili sana. Misafara ilileta shanga za kila namna, na isingewezekana kila muuza muhogo ajue thamani ya zote. Soko likachagua aina moja iwe kipimo cha ndani, na kazi ya kuzichambua nyingine ikaachiwa watu wachache wenye ujuzi. Mbadilishaji ndiye aliyetazama, akalinganisha, akakubali au akakataa. Mfuko wake wa sofi ulikuwa kielelezo: kilichofanana nacho kilipita, kisichofanana kilikaa nje. Kila mfumo mzuri wa kulinda rangi hadi leo umejengwa juu ya wazo hilo la kuwa na kielelezo kimoja kinachokubaliwa na wote, na mtu mwenye dhamana ya kulinganisha.

Tanuri la Murano

Sehemu kubwa ya shanga za kioo zilizofika pwani ya Afrika Mashariki wakati huo zilitoka Venice, hasa kisiwa cha Murano, na nyingine zilitoka Bohemia. Shanga ndogo zilitengenezwa kwa kuvuta kioo. Mafundi walichukua donge la kioo chenye moto, wakalitoboa katikati, kisha wawili wakalivuta huku wakikimbia kila mmoja upande wake hadi likawa mrija mrefu mwembamba. Mrija ulikatwa vipande vidogo. Vipande vikatiwa katika chombo cha kuzungusha juu ya moto pamoja na unga wa kuzuia matundu yasizibe, mpaka kingo kali zikalainika. Kisha vilichekechwa kwa ukubwa na kutungwa.

Rangi ilitokana na madini yaliyochanganywa katika kioo: kobalti ilitoa buluu, manganizi ilitoa zambarau na ikizidi nyeusi. Shaba ndiyo iliyosumbua. Tanuri lenye hewa ya kutosha huipa rangi ya buluu-kijani, na tanuri lililonyimwa hewa huipa wekundu. Fundi aliyechanganya shaba kwa kipimo kile kile leo na kesho aliweza kupata matokeo tofauti kwa sababu ya kuni, hewa, au muda ambao kioo kilikaa motoni.

Kwa hiyo wafanyabiashara wa shanga walitegemea kadi na vitabu vya vielelezo. Kila aina ilishonwa au kugandishwa kwenye karatasi nene na kupewa namba, na wakala wa mbali aliagiza kwa namba. Moses Lewin Levin, mfanyabiashara wa shanga wa London katika karne ya 19, aliacha vielelezo vya namna hiyo ambavyo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza. Barua iliyotoka Unguja kuagiza shanga nyekundu ingeweza kuleta nyekundu yoyote, lakini barua iliyotaja namba ya kadi ilipunguza ubishi. Mwaka 1898 viwanda vingi vya Venice viliungana kuwa kampuni moja kubwa ya shanga ndogo.

Merikani na kaniki

Nguo zilipimwa kwa shuka na doti. Shuka ilikuwa na yadi 2, na doti yadi 4. Nguo mbili zilitawala njia ya misafara: merikani na kaniki.

Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa, yenye weupe wa maziwa uliochanganyika na ukahawia mdogo wa pamba yenyewe. Ilitoka katika viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani, na kwa sehemu kubwa ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts. Kampuni ya Naumkeag, iliyoanza kufuma Salem mwishoni mwa miaka ya 1840, ilipata soko kubwa Afrika Mashariki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, nguo za Uingereza na India ziliingia kuchukua nafasi. Jina lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Hadi leo duka la nguo likiulizwa amerikani, muuzaji hutoa kitambaa cha pamba kisichopaushwa bila kujali kimefumwa wapi. Nchi iliyokitengeneza imesahaulika, na wanunuzi wamebaki na kumbukumbu ya rangi na mguso.

Kaniki ilikuwa pamba iliyotiwa nili hadi ikawa buluu nzito inayokaribia weusi. Nili ni rangi ya ajabu. Haiyeyuki majini, kwa hiyo mtiaji huifanyia kazi ndani ya pipa lililonyimwa hewa, ambako majimaji hugeuka kuwa ya njano iliyochanganyika na kijani. Nguo huchovywa humo na kutoka ikiwa na rangi hiyo hiyo ya majani mabichi. Ikikutana na hewa, hubadilika machoni pa mtu: kijani huondoka, buluu huingia, kuanzia kingo kuelekea katikati. Mchovyo mmoja hutoa buluu ya anga. Kaniki nzito huhitaji michovyo mingi, na kati ya mmoja na mwingine nguo huachwa ipate hewa.

Hapo ndipo tofauti zilipozaliwa. Pipa jipya lilikolea kuliko pipa la zamani. Mti wa nili wa shamba moja haukuwa na nguvu sawa na wa shamba jingine. Mtiaji aliyeharakisha alipunguza mchovyo mmoja, na nguo ikatoka nyepesi. Nyingine ilikolea kwa juu tu, ikachuja na kuacha buluu mwilini mwa mvaaji. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kwa kemia, yenye nguvu moja kila kopo. Watiaji wa rangi waliipokea upesi, na moja ya sababu ni kwamba iliwaondolea wasiwasi wa kubahatisha.

Zinjifuri na shajara iliyofifia

Si rangi zote zilizofika ziwani zilitoka ng'ambo. Katika nyumba nyingi za Waswahili hupandwa mzinjifuri, mti mfupi wenye maganda ya miiba laini na mbegu zilizofunikwa utando mwekundu. Asili yake ni Amerika ya joto, na ulienea duniani kwa meli na biashara. Mbegu zake hutia rangi chakula, nguo na mwili. Manyema, magharibi ya ziwa, watu waliitumia rangi hiyo kwa virambo, yaani nguo zao za nyuzi za mti, na kwa kupamba uso na kichwa.

Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, na karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Alichukua kurasa za gazeti la London la The Standard, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatisha mistari ya gazeti. Wino wake ulikuwa maji ya mbegu alizosikia zikiitwa zugifare, jina linalotambulika mara moja kuwa zinjifuri. Katika kurasa hizo aliandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 15, 1871, ambako wafanyabiashara wa misafara waliwafyatulia risasi watu waliokuja kununua na kuuza. Alirudi Ujiji Oktoba mwaka huo huo akiwa mgonjwa, akakuta mtu aliyekabidhiwa mali yake ameiuza yote. Hakubaki na hata yadi moja ya nguo kati ya 3,000, wala uzi mmoja wa shanga kati ya ratili 700. Katika mji ambao shanga na nguo ndizo fedha, alikuwa maskini kabisa hadi Stanley alipofika.

Wino ule haukudumu. Rangi ya zinjifuri hudhoofishwa na mwanga na hewa, na kadiri miaka ilivyopita maandishi yalififia hadi yakawa kivuli cha njano, huku wino mweusi wa gazeti ukibaki imara na kuyameza. Kwa karibu miaka 140 sehemu kubwa haikusomeka. Hatimaye watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga kurasa hizo picha chini ya mwanga wa mawimbi mbalimbali, kuanzia urujuanimno usioonekana hadi infraredi. Kila aina ya wino hunywa na kurudisha mwanga kwa namna yake. Kwa kulinganisha picha hizo, kompyuta iliweza kufifisha wino wa gazeti na kukoleza ule wa mbegu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na maneno yaliyoandikwa kabla ya safari ya kurudi Ujiji yakasomeka tena.

Wino wa kiwandani na wino wa mbegu ulikaa juu ya karatasi moja, katika sanduku moja, kwa muda ule ule. Mmoja ulibaki, mwingine uliondoka. Wachapaji wanapouliza kama rangi itadumu ukutani miaka miwili au miezi miwili, wanauliza jambo ambalo shajara ile imelijibu wazi: rangi inayoonekana nzuri siku ya kwanza haijathibitisha chochote.

Reli, kanga na vitenge

Utawala wa Wajerumani ulileta rupia na baadaye heller, na shanga zikapoteza kazi ya fedha, zikabaki pambo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Gati lilijengwa Kigoma, meli zikatia nanga huko, na Ujiji ikabaki pembeni ya biashara kubwa iliyokuwa imeilea. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, karakana ya Tabora ilifua sarafu za dharura za heller 20, nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba ya njano, kwa kutegemea madini yaliyopatikana. Thamani ya sarafu hizo ilitokana na mhuri wa serikali, na hapo rangi ya fedha ikaacha kuwa jambo la kugombaniwa.

Kwenye nguo rangi haikuacha kugombaniwa, kwa kuwa treni ilileta nguo zilizochapwa kwa wingi na kwa haraka. Kanga ilikuwa imezaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, linatajwa sana katika historia ya maneno ya Kiswahili kwenye kanga. Kanga huuzwa kwa doti, jina lile lile la kipimo cha misafara: vipande viwili vilivyochapwa pamoja kwenye kitambaa kimoja, vyenye pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi) vinavyofanana. Mnunuzi huvikata na kuvipinda mwenyewe. Kwa kuwa vyote viwili vimetoka kwenye mchapo mmoja, rangi zake hulingana. Desturi ya doti ni ulinzi wa rangi uliofichwa ndani ya namna ya kuuza.

Kitenge kilikuja kwa njia nyingine. Wadachi waliiga batiki ya Java kwa mashine. Kampuni inayojulikana leo kwa jina la Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846. Katika uchapaji huo nguo hupakwa nta au utomvu ili rangi isiingie mahali fulani. Nta ikipasuka, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa midogo isiyojirudia. Wajava hawakuipenda mishipa hiyo. Wanunuzi wa Afrika waliipenda, wakaifanya kuwa alama ya kitenge halisi. Tofauti ya rangi, basi, si kosa kila mahali. Ni kosa pale mnunuzi alipotarajia mfanano, na ni uzuri pale alipotarajia mkono wa kazi.

Baada ya uhuru, viwanda vya ndani viliingia katika kazi hiyo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968 na kuchapa kanga na vitenge kwa soko la taifa zima. Nguo iliyochapwa hupita kwenye skrini moja kwa kila rangi, kwa hiyo kanga ya rangi nne hupita mara nne. Skrini moja ikihama kidogo, ua hutoka nje ya mstari wake. Dawa ya rangi ikichanganywa kwa mizani isiyo sahihi, au mvuke wa kukomaza rangi ukipungua joto, nyekundu ya Jumatatu huwa si ya Alhamisi.

Familia nyingi za Kigoma hujua jambo hili kupitia sare za harusi. Kamati huchagua kitenge, jozi kadhaa hununuliwa, wageni huongezeka, na wiki mbili baadaye jozi nyingine huagizwa. Kikiwekwa kando kando, kitambaa cha pili kina ua lile lile na mistari ile ile, lakini kijani chake kimezidi unjano. Dukani tofauti hiyo haikuonekana. Ilionekana kwenye picha ya pamoja, jua likiwa juu.

Mashine za kidijitali

Uchapaji wa kidijitali umefika Kigoma kama ulivyofika kila mji wa Tanzania: kadi za harusi, vyeti, vitabu vya risiti, mabango ya kampeni, fulana. Mashine hizi hazina sahani wala skrini. Hujenga rangi zote kwa nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, zikipangwa kwa nukta ndogo mno. Nyingine hutumia tona, unga unaovutwa na umeme tuli kwenye ngoma, ukahamishiwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto. Nyingine hurusha matone ya wino. Rangi inapoanza kupotea, chanzo hutafutwa kwa mpangilio.

Kwanza ni kuhakikisha kwamba vinavyolinganishwa vinalinganishika. Karatasi nyeupe yenye ubuluu na ile yenye unjano hazitoi rangi moja hata kwa wino ule ule. Mwanga nao hudanganya: rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa ya dukani na kutofautiana nje juani. Wachapaji duniani hutumia taa ya kiwango cha kelvini 5,000 kwa kulinganisha. Asiyekuwa nayo atazame mlangoni mchana, kivulini, na kila mara mahali pale pale.

Pili ni kuchapa ukurasa wa majaribio wenye vipande vya kila rangi peke yake, na kipande cha kijivu kilichotengenezwa kwa samawati, majenta na njano bila nyeusi. Kijivu hicho ndicho mlinzi mkali kuliko wote. Rangi moja ikipungua kidogo tu, hugeuka mara moja kuwa na wekundu, ukijani au ubuluu. Kipande cha majenta kikiwa kimepauka peke yake, kosa limo kwenye kituo cha majenta: ngoma iliyochakaa, tona inayokwisha, au tundu la wino lililoziba. Rangi zote zikibadilika pamoja, kosa liko mahali pa pamoja: joto la kuyeyushia, karatasi au hewa.

Tatu ni hewa yenyewe. Ziwa Tanganyika hulainisha hewa ya mji, na wakati wa masika karatasi iliyoachwa wazi hunywa unyevu. Karatasi yenye unyevu hupitisha umeme kirahisi, kwa hiyo tona haihamii vizuri na rangi hutoka hafifu au yenye mabaka. Wakati wa kiangazi karatasi kavu hujaa umeme tuli, ikashikana na kuvuta tona ovyo. Rimu zikae zimefungwa hadi saa ya kutumika, na zikae chumba kimoja na mashine. Umeme ukikatika na kurudi, mashine iachwe ipate joto lake kamili kabla ya kazi ya mteja kuanza.

Nne ni kusawazisha mashine na kukagua mipangilio ya kompyuta. Faili lililotayarishwa kwa rangi za skrini likichapwa bila kutafsiriwa sawasawa hutoka tofauti. Tangu mwaka 1993, kampuni kadhaa za teknolojia zilipounda chombo cha pamoja cha ICC, mashine huelezwa kwa profaili za rangi, yaani faili zinazosema kifaa fulani kikiambiwa namba fulani hutoa rangi gani. Profaili ya karatasi ya kung'aa ikitumiwa kwa karatasi isiyong'aa huharibu kazi yote, ingawa mashine ni nzima.

Tano ni kupima. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, iliweka namna ya kuieleza rangi kwa namba kufuatana na jicho la binadamu, na mwaka 1976 ikaweka mfumo ambao tofauti ya rangi mbili huwa namba moja. Tofauti ya 1 hivi ndiyo ndogo ambayo jicho lililozoea huweza kuigundua. Spektrofotomita, kifaa kidogo cha mkononi, husoma namba hiyo kwa sekunde chache. Hufanya kazi ya mbadilishaji wa sofi, bila uchovu wa jioni na bila upendeleo.

Kifaa hicho ni ghali, na maduka mengi madogo hayana. Lakini njia ya zamani haijaisha nguvu: karatasi ya kwanza iliyokubaliwa na mteja ikatwe kipande, kiandikwe tarehe, aina ya karatasi na mipangilio ya mashine, kisha kihifadhiwe kwenye bahasha, gizani, ambako mwanga hautakifanyia ulichoifanyia shajara ya Nyangwe. Kazi ikirudi baada ya miezi mitatu, kipande kile kitoke, kiwekwe kando ya karatasi mpya, na mashine irekebishwe hadi viwili viwe kimoja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya rangi, kizuri ni kile kinachofanana na cha jana.